Rangi ya Mama Kivuli

Waombolezaji wote, mlioketi na mliosimama, familia imemkabidhi mdogo wake marehemu kazi ya kuisoma historia hii, kwa hiyo kila mtakaposikia "mdogo wake" mjue ni huyu huyu aliye mbele yenu na karatasi, ameandika hivyo kwa sababu kila alipojaribu kuandika "mimi" aliona haya, na sababu ya haya hiyo mtaisikia kabla hajakaa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kivuli, alizaliwa nyumbani tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma chenye dirisha moja, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa fundi cherehani, na mama yao alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alitoka tumboni amekunja uso, akakaa hivyo hivyo akisubiri kupata kazi ya kuukunjia.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 akamaliza Novemba 1971, na picha ya kuagana na darasa la saba ndiyo iliyomtengeneza, kwani mpiga picha aliyeletwa na shule aliwapanga wanafunzi saa kumi jioni, jua likiwa mgongoni mwao na anga lote likiwaka nyuma ya vichwa vyao, na picha ilipoletwa marehemu alikuwa doa jeusi lenye meno. Mama yake aliishika, akaisogeza karibu na macho, akauliza, "Wewe uko wapi hapa?" Mpiga picha alipoulizwa alijibu bila aibu kwamba filamu haiwapendi waliozidi weusi, na msichana huyo wa miaka kumi na mitatu akaingiwa na kinyaa kilichomkaa kooni hadi wiki hii, kinyaa cha mtu mzima aliyeshindwa kazi yake akamtupia lawama mtoto.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa kuosha filamu katika studio ya mzee tuliyemwita Mzee Tulia, kwa kuwa hilo ndilo neno pekee alilomwambia kila mteja, naye mzee alimfundisha kwamba kamera ni kasha tu, kazi yenyewe ni kujua mwanga unatoka wapi na unaangukia wapi. Mzee alipostaafu, tarehe 1 Juni 1984, alimwachia chumba, chenye mlango mpana unaotazama ua ambao asubuhi jua halikuingia moja kwa moja, humo marehemu akaweka kiti kimoja ubavuni mwa mlango, na upande wa pili akasimamisha sinia la alumini alilolivisha shuka jeupe, ili mwanga wa mlangoni ulishike shavu moja, na ule unaorudi kutoka kwenye shuka ulipapase la pili bila kukifuta kivuli chake. Kutokana na kivuli hicho alipata jina, na weusi wa mtaa huu walipata kujiona kwa mara ya kwanza wakiwa na mifupa ya mashavu, paji la uso linalong'aa, na macho ndani ya uso.

Hakuwa mtu wa kubembeleza wateja, na familia haitamsingizia upole leo. Aliyekuja mchana alirudishwa, "Njoo kesho saa tatu asubuhi, saa hizi jua linakutoboa macho," na aliyedai apigwe kwa fleshi aliambiwa kwamba fleshi ya usoni ni taa ya kumshtua mwizi, inalainisha uso ukawa bapa kama chapa ya sabuni, na kama anataka hivyo akajipeleke polisi wampige bure.

Alifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1981 na fundi umeme, ambaye yupo hapa mbele, na mtu akitaka kujua uvumilivu ni nini amwulize yeye, kwa sababu taa ndefu ya tyubu aliyomletea mkewe kama zawadi iliishia kufungwa kwenye banda la kuku, marehemu akisema kuku hawapigwi picha. Walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 6 Septemba 1983, naye amelelewa karibu na mlango.

Mdogo wake alijiunga na studio mwaka 1999, na hapa historia inakuwa chungu kuisoma. Mwaka 2014 alinunua kompyuta, akajifunza kile alichokiita kusafisha sura, na mwezi Machi mwaka huo alikuja bibi harusi mmoja, mweusi wa kupendeza, marehemu akatumia saa nzima na sinia lake kumtafutia upande, kisha mdogo wake akaichukua picha ile, akaipausha, akafuta kivuli, akafuta na kovu la utotoni kwenye kidevu. Mama wa bibi harusi alifurahi, lakini bibi yake mzaa mama aliigeuza mara mbili akauliza, "Mmeniletea mjukuu wa nani?" Marehemu aliitazama, akatema mate kwenye ndoo ya taka, akasema, "Umemchuna ngozi binti wa watu," akabeba kiti, sinia na shuka, akahamia kwenye mlango wa jikoni kwake, na kwa miaka minane hakuvuka kizingiti cha studio ile, iliyokuwa ikijaza kuta zake sura za rangi moja, rangi ya mtu aliyelowekwa.

Oktoba 2022 alianza kuvimba miguu, ikagundulika ni moyo, akalazwa mara tatu, na katika wodi, taa iliyokuwa juu ya kitanda chake ilimkera hata akajifunika shuka usoni, daktari akadhani amekata tamaa, naye akamjibu chini ya shuka, "Dokta, hii taa yenu inanipiga picha ya kitambulisho." Muuguzi wa zamu aliizima, akageuza kitanda kielekee dirishani. Hapo ndipo mdogo wake alipomkuta, wakazungumza kwa mara ya kwanza tangu ugomvi, na dada akamwomba jambo moja, "Siku yangu ikifika usinisafishe." Mdogo wake akaahidi, kwa mkono na kwa mdomo.

Aliaga dunia Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, saa tatu na robo asubuhi, saa yake ya kazi.

Picha hii kubwa mnayoiona juu ya jeneza imetokana na kitambulisho chake, ilipigwa kwa fleshi, na mdogo wake aliyeahidi ndiye aliyeipausha juzi, kwa kuwa kamati ilisema sura imekaza na imechoka, naye mkono ukaenda wenyewe kwa mazoea, kama mlevi anavyorudi kilabuni. Leo asubuhi mume wa marehemu aliketi mbele ya picha hii, akauliza, "Huyu ni nani?" Mdogo wake amejichukia tangu alipolisikia swali hilo, na kuomba radhi tu hakutoshi, kwa hiyo sasa anaiondoa, na mtaona kwamba anaigeuza kifudifudi chini.

Badala yake inawekwa hii ndogo, ambayo fundi umeme aliipiga kwenye mlango wa jikoni mwaka 2019, akiamriwa na mkewe kila hatua, imetikisika kidogo na sinia limeingia pembeni, lakini amekunja uso, na ni mweusi kama alivyozaliwa. Binti yake ameliweka jeneza ubavuni mwa mlango kwa makusudi, mtakapopita kuaga anzeni upande wa mlangoni, na mwenye simu azime fleshi.

Familia inawashukuru madaktari waliopigania moyo wake, muuguzi aliyekigeuza kitanda, majirani mliopika na kulala hapa, wapiga picha wenzake mliofunga studio zenu leo, na bibi harusi yule, aliyekuja kutoka mbali, na kovu lake lipo.

Dada, kivuli chako kimerudi shavuni, sasa pumzika kwa amani.