Insha Isiyo na Machozi

Kwa teksi ya Probox ya kwenda Ekerenyo, dereva alikuwa amekalia nusu ya paja langu, kwa hivyo starehe yangu ilibaki kusikiliza ya wenyewe.

"Tuliambiwa tuandike tukio la kweli," msichana wa sare ya shule alimwambia mama aliyepakata ndizi. "Nikaandika siku mama alikufa. Mwalimu amenipa sita kwa ishirini, eti haiaminiki, kwa sababu sikulia. Ati niandike upya."

"Na wenzako?"

"Mose alimzika mamake kwa machozi njia mbilimbili, akapata kumi na nane. Mamake ndiye hutupikia shuleni."

Nilicheka peke yangu.

"Na wewe mbona hukulia, mwanangu?"

"Nilipoambiwa, lori la kubeba majani chai lilikuwa linaondoka, na gunia letu lilikuwa bado mgongoni kwangu."

"Ukalia lini sasa?"

"Bado, mama."

Gari likasimama, akashuka na daftari lake.