Dole Gumba Kwenye Shamba la Ngano

Benchi lililo mbele ya kibanda cha kahawa lina miguu mitatu na tofali. Anayekaa upande wa tofali hatakiwi kusimama ghafla, la sivyo wenzake wote wanakwenda chini. Kwa hiyo upande huo huachiwa mwenye huzuni, maana huyo huwa hana haraka. Asubuhi hiyo ulikuwa wa Herufi, fundi wa mabango, mtu aliyeandika karibu kila kinachosomeka mtaa ule: bei za saluni, jino kubwa la kwa daktari wa meno, na lile tangazo la kukataza kukojoa ambalo hakuna anayelitii. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuficha mfukoni. Kahawa aliinywa kwa wa kushoto, na nusu yake ilikwenda kwenye shati.

Hakimu ndiye aliyegundua. Zamani alikuwa tarishi wa mahakama, na tangu astaafu hajaacha kuhukumu.

— Toa mkono, bwana.

— Nasikia baridi.

— Kwa jua hili? Toa.

Herufi akautoa. Dole gumba lilikuwa la njano, njano ya kuiva, mpaka ndani ya ukucha.

Ikabidi aeleze. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alikuwa amenunua mchoro. Si picha ya kuchapwa, mchoro wa mkono, rangi ya mafuta juu ya turubai. Ni nakala ya shamba la ngano alilochora Mzungu mmoja aliyekufa zamani: ngano inayumba, njia nyembamba imeikatiza, miti mirefu imesimama kama walinzi, na mawingu yamejiviringisha kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye haraka. Ule wenyewe umewekwa makumbusho, huko mbali. Nakala hutoka karakana moja upande wa pili wa mji. Sasa umetundikwa sebuleni, na jioni mke akirudi hakai tena akamtazama mumewe.

— Anageuza kiti, alisema Herufi. Anakaa na ngano.

Yeye, mtu wa rangi, ndani ya nyumba yake mwenyewe, amepitwa na shamba. Jana, mke alipotoka kwenda dukani, Herufi aliusogelea mchoro ili autafutie kasoro. Kilichomuudhi ni kwamba hakuiona. Rangi ilikuwa nene, imesimama matuta matuta kama shamba lililolimwa kweli. Akafanya anachofanya kwa kila bango, akabonyeza kwa dole gumba aone kama imekauka. Rangi ya kopo anayotumia yeye, ukiipaka asubuhi, jioni unaiegemea. Hii ilikuwa imekaa ukutani majuma, na dole likazama kama kwenye udongo wa mfinyanzi. Katikati ya ngano pakabaki shimo lenye mistari yote ya ngozi yake. Alisugua kidole kwa mafuta ya taa mpaka kikawasha, njano haikutoka.

— Shemeji ameona? aliuliza Waya, fundi redio.

Herufi hakujua. Alichojua ni kwamba jana usiku mkewe aligeuza kiti kama kawaida, akatazama muda mrefu, kisha akaenda kulala.

Waya akataka kujua kama mchoraji ni kijana. Herufi hakuwahi kumwona, lakini kichwani alikuwa ameshamchora: mrefu, meno yote yapo, shati jeupe lisilo na doa. Hapo benchi likachangamka. Waya alisema mawingu hayaviringiki bure, yale ni maandishi, na mwenye kuandikiwa anayasoma kila jioni. Hakimu akaikumbuka ile njia nyembamba inayokatiza ngano, akaapa kwamba ukiifuata inakufikisha karakanani. Muuza kahawa, ambaye kwa kawaida haingilii kesi za wateja, alisema kuwa rangi inacheleweshwa kukauka makusudi, ili jamaa apate kisingizio cha kupita kuikagua.

— Na msumari alipiga nani? aliuliza Hakimu.

— Msumari ulikuwepo.

Hakimu akakiweka kikombe chini polepole.

— Ulikuwepo. Ukutani kwako. Ulikuwa ukining'iniza nini?

— Hakuna. Mimi nilikuwa naweka kofia.

— Ndugu yangu, umekuwa ukitundika kofia kwenye ushahidi. Jambo hili limepangwa miaka.

Wivu ukampanda Herufi mpaka masikioni. Msumari ule ameuona kila siku ya ndoa yake, na siku zote umemnyamazia.

Ndipo akafika mwanamke wa makamo, sanduku la mbao mkononi, aproni imeganda rangi. Akasalimia, akaomba kahawa, akapewa ya mwisho. Alipopokea kikombe, watu wote wakatazama vidole vyake. Vyote kumi vilikuwa vya njano.

— Naulizia kwa fundi wa mabango, alisema. Mkewe kanipigia simu, mchoro wangu umebonyezwa.

— Wako? alisema Waya. Na aliyeutundika nani?

— Mimi mwenyewe. Msijali, kila nyumba wanaubonyeza. Mara nyingi ni baba mwenye nyumba.

Herufi akaurudisha mkono mfukoni. Kijana mwenye shati jeupe alikuwa ameyeyuka, lakini wivu ulibaki palepale, umekosa tu mtu wa kumkalia.

— Ila kuna kitu kinanisumbua, aliendelea mwanamke. Siku ile nilikwenda na nyundo, sikuitumia. Nilikuta msumari, una kutu, na umepigwa mahali pazuri kuliko pote, penye mwanga wa dirisha. Nikamuuliza mama mwenye nyumba, huu ulikuwa wa kutundika nini? Akacheka kidogo, akasema nimuulize mumewe. Mnamjua?

Benchi zima likamgeukia Herufi.

Naye akajiona juu ya stuli, mwaka waliohamia, mkewe ameishika stuli isiyumbe. Aligonga msumari ule mwenyewe. Hapa, alimwambia, nitakuchora na kuitundika sura yako, nikimaliza tu hili bango la saluni. Baada ya saluni likaja jino.

— Ulikuwa wa nini, bwana? aliuliza Hakimu, safari hii kwa upole.

Herufi akainua kikombe. Kilikuwa kitupu, na birika pia. Akasimama ghafla; tofali likateleza, na Hakimu na Waya wakaenda chini pamoja na vikombe. Yeye hakugeuka. Alilichukua sanduku la mgeni kwa mkono wenye dole la njano na kutangulia kuonyesha njia.

Walipofika kwenye kona alipunguza mwendo, akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kitu asichokuwa na uhakika nacho.

— Dada, sura ya mtu huwa inataka rangi ngapi?