Sketi ya Kwaya Kwenye Mfereji

Wapendwa, Bwana asifiwe, na asiye na nguvu ya kuitikia aitikie moyoni. Nianze na ujinga wangu. Mtu mwenye akili akitaka kuiba maji, anaziba mfereji kwa gunia lisilojulikana ni la nani. Mimi niliuziba kwa sketi yangu kuukuu ya kwaya. Ya zambarau! Burat nzima inaijua.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa nyumbani. Hata Isiolo mjini naenda nikisukumwa. Kwa hivyo dhambi zangu zote nimezifanyia karibu, bila nauli. Huku kwetu tunamwagilia mashamba kwa zamu, na mwizi wa maji wazee wa mfereji wanamkatia kabisa. Maji ya jirani yangu, Mama Gumato, yanapita kwangu kwanza. Kiangazi kilipokaza, siku ya zamu yake, jua likiwa kali na watu wamejilaza, nilikuwa nasokomeza sketi pale mfereji wake unapoanzia, maji yanageukia vitunguu vyangu. Na huku naimba pambio! Mara nyingine niliikuta imetoka. Nikalaumu nguvu ya maji, nikasokomeza tena.

Mama Gumato ni Mborana, Mwislamu, mjane. Siku moja akaniuliza, "Mama Kendi, maji inaishia wapi?"

"Ni kiangazi, mama. Nitakuombea."

Na nikaomba kweli, ndugu zangu! Nilimwomba Mungu ampe maji niliyoyakalia mimi.

Uongo unachosha kuliko jembe. Kila mkutano wa injili nilikuwa nainua mkono kuokoka, mpaka wahubiri wakanizoea, halafu narudi nyumbani kuinama kwenye mfereji. Usingizi ukaniisha. Vitunguu vikanona, mimi nikakonda.

Kisha malaria ikaniangusha. Aliyekuja kuniona ni Mama Gumato, na kikombe cha maziwa. Mahindi yake yalikuwa yamekauka kabla ya kubeba, akayakata akalisha mbuzi. Hayo ndiyo maziwa niliyoletewa.

Alipotoka, nikapiga magoti hapo jikoni. Hakukuwa na kinanda wala mtu wa kuniwekea mikono. Nikasema, "Yesu, nimechoka. Mimi ni mwizi. Niokoe hivi nilivyo." Nililia mpaka moto ukazima. Ndugu zangu, sikuona mwanga wowote. Nilisikia tu mzigo umeshuka, na nikajua lazima nivuke ua niende kwa Mama Gumato, hata kama nitanyimwa maji.

Namshukuru Mungu aliyenipokea na harufu yangu ya matope. Na wewe uliyechoka kujificha, mwamini Yesu leo, usingoje kwanza upendeze. Yeye atakusamehe hapo hapo ulipo. Kwa jirani utaenda mwenyewe, kwa miguu.

Nilienda. Ua wetu ni wa miti michache tu, lakini siku hiyo ulikuwa mbali kuliko Nairobi. Nilimkuta akifunga mbuzi, nikaungama yote, nikamwachia zamu zangu mpaka mvua inyeshe. Nilingoja apige kelele, awaite wazee. Hakushtuka hata kidogo. Alimaliza kufunga kamba yake, akanitazama, akasema:

"Hiyo sketi nimeichomoa mpaka nimechoka, na wewe unarudisha. Ningeambia wazee, wangekukatia maji. Umekawia sana kutubu, mama. Haya, enda utoe, maji ipite."