Chupa Amegoma Kuita Figo Ini

Benchi letu liko mlangoni kwa kinyozi, na ukilikalia ujue utasemwa. Mimi ndiye muuza kahawa. Nasikia yote, sitakiwi kuchangia, ila nachangia. Jioni hiyo alikuja Chupa, binti mwanasayansi wa ile kampuni kubwa ya bayoteknolojia yenye jengo la vioo. Tunamwita Chupa kwa sababu kazi yake ni kulisha seli za binadamu ndani ya chupa, hata sikukuu. Akaketi karibu na mjomba wake, amenuna.

— Wamekufukuza? mjomba akauliza.

— Bado. Labda kesho. Dawa yetu ya ini tuliijaribu kwenye seli, ikafanya vizuri. Sasa nimezipima upya zile seli. Si za ini, ni za figo. Kwa hiyo hatujui kama dawa inasaidia ini.

— Ini limegeukaje figo?

— Halikugeuka. Kuna mtu alichovya mrija mmoja kwenye chupa mbili. Seli za figo zinakua haraka, zikazimaliza za ini.

Kinyozi wetu, tunayemwita Spika, akatoka na kitana mkononi.

— Hapo pana jasusi. Kampuni pinzani ndiyo imezituma hizo figo.

— Ni uzembe tu, Spika.

— Hata uzembe hutumwa. Tena zina kiongozi hizo. Leo zimempindua ini, kesho zinampindua bosi.

Nikasema labda zilikuwa na njaa tu. Wakaniambia nimimine kahawa.

— Bosi wako anasemaje? mjomba akauliza.

— Ninyamaze. Kesho nisimame mbele ya wakubwa niseme ni ini, wagonjwa waanze kupewa dawa.

— Basi sema, mama. Wadogo zako wanasoma kwa kazi hiyo. Ni neno moja tu.

— Sisemi, mjomba.

— Utakula jeuri?

— Nitakula hiyohiyo. Seli nimezilisha mwenyewe, nazijua. Anayetaka ini akaliseme yeye.

Hapo nilimpenda, na nikamwogopea.

Mwanamume mmoja mgeni, aliyekuwa akingoja zamu ya kunyolewa, akainua kichwa.

— Samahani. Hao wagonjwa, nani atawaambia?

Mimi nikafuta kikombe kilichokwisha kufutwa. Mjomba akamgeukia mpwa wake.

— Kesho unatoka saa ngapi? Nitakusindikiza.