Historia ya Ndugu Yetu Gundi, Pamoja na Aya Niliyoambiwa Niiruke

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake mliojaa uani hapa mpaka wengine mmesimama barazani kwa jirani, familia imeniteua niwasomee maisha ya mdogo wangu, mimi ni dada yake niliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, na jana katika kikao cha familia niliambiwa kwamba sehemu ya watoto niisome kwa mstari mmoja tu, ameacha mjane na binti mmoja, basi, niende moja kwa moja kwenye ugonjwa. Niliitikia kwa heshima kama nilivyolelewa, lakini leo nitaisoma yote, kwa sababu mwenyewe aliniomba hivyo akiwa kitandani, na kwa sababu yuko mtu hapa anayetakiwa kufungasha virago kwa kosa lisilo lake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1981, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa wazazi wetu, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Tangu alipojua kutembea alikuwa mtu wa kuchokonoa na kubandika, redio ya baba aliifungua yote akairudisha, skrubu moja ikabaki mkononi, na redio ikaendelea kuimba kama kawaida. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, akaendelea na sekondari mpaka 1998, ambako hesabu ilimpiga chenga mchana kweupe, kisha akaingia chuo cha ufundi kusomea uchapaji, akahitimu mwezi Novemba 2000.

Tarehe 15 Januari 2001 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kitengo cha kujalidi vitabu, kwenye kile chumba cha nyuma chenye mashine ya kukatia karatasi, meza ndefu na sufuria ya gundi ambayo haikuwahi kupoa, na humo alifanya kazi mpaka maradhi yalipomtoa, akishona madaftari ya mahakama, kamusi zilizochoka na vitabu vya maktaba vilivyong'olewa majalada. Jina la Gundi alipewa na wenzake kwa sababu kucha zake zilikuwa na gundi kavu siku zote, hata siku ya harusi yake, wakawa wanamtania kwamba ukimpa mkono utaondoka naye nyumbani. Kitabu kisipofunguka kikalala vizuri mezani, alikifumua na kuanza upya.

Tarehe 18 Agosti 2007 alifunga ndoa na wifi yangu huyu mnayemwona ameketi hapa mbele, mwalimu wa chekechea, mwanamke aliyefundisha nusu ya watoto wa mtaa huu kushika kalamu, na sasa nafika pale nilipoambiwa niparuke.

Kati ya mwaka 2008 na 2014 wifi yangu alibeba mimba tano, zote zikaharibika, na kila mara aliruhusiwa kutoka hospitali, akapumzika siku chache, akarudi darasani kuimba na watoto wa wenzake. Ninyi mkasema. Mkasema aliharibu kizazi usichanani, mkasema anabeba ndoo nzito, mkasema ana mkosi wa kwao, na wewe baba mdogo, kwa heshima zote, ulikaa sebuleni humu humu ukamwambia ndugu yangu, mkewe akiwa mlangoni na sinia la vikombe, "Mwanangu, nyumba haijengwi kwa kumwonea mtu huruma, tafuta mwingine." Madaktari nao walimpima mwanamke peke yake, wakapima kizazi, mirija, damu, homoni, wakamrudia tena na tena, na mume muda wote ameketi kwenye benchi la nje anasoma bango la kunawa mikono, hakuna aliyemwomba hata tone.

Mwezi Machi 2015 walimkuta daktari mpya, mwanamke, akafunga faili la wifi yangu, akamgeukia mdogo wangu na kumwuliza, "Na wewe baba, umeshapima?" Alikunja mkono wa shati papo hapo. Majibu yalipokuja yalionyesha kwamba kromosomu zake mbili zilibadilishana vipande tangu hajazaliwa, na yeye mwenyewe akatueleza kwa lugha ya kazi yake, kwamba mwili umeandikwa katika vitabu vingi, na kwake kurasa za kitabu kimoja zilishonwa ndani ya kingine, na za kile zikashonwa ndani ya hiki, hakuna ukurasa uliopotea, ndiyo maana yeye ni mzima wa afya. Shida inakuja kwenye kugawa, akasema, kwa sababu mtoto akipewa kitabu kimoja kilichochanganywa bila mwenzake, kurasa fulani anazikosa na nyingine anazipata mara mbili, na mimba nyingi za namna hiyo hazifiki.

Siku hiyo alimpigia mke wake magoti jikoni, akamwambia, "Ni mimi," kisha akaja kwetu kusema, kwa sababu daktari alishauri ndugu wa damu nao wapime, na mlimjibu nini? Mlimwambia anyamaze, mambo ya damu hayatangazwi, atawafungia wenzake milango ya ndoa. Wahenga waliposema mficha uchi hazai hawakuwa wanatutania, wajameni, walikuwa wanatusema sisi.

Mwaka 2016 wakaenda hospitali ya mji mwingine, mayai ya mke yakatolewa, yakarutubishwa kwa mbegu za mume maabara, na viinitete vilipokua siku chache, kila kimoja kikachukuliwa seli chache ili kutazama kama kurasa zimetimia, vyenyewe vikahifadhiwa kwenye baridi kali kusubiri majibu. Raundi ya kwanza vilikuwa saba, hakuna hata kimoja kilichotimia, na wifi yangu alilia mpaka wahudumu wakafunga mlango. Raundi ya pili vilikuwa vinne, kimoja kikawa kizima, daktari akawaonya kwamba hata hicho kinaweza kisishike, wasijenge ghorofa angani. Kilishika. Binti yao alizaliwa tarehe 22 Novemba 2017, yuko hapa, ameketi mapajani kwa mama yake, anasoma darasa la pili.

Huyo ndiye mliyempa jina la mtoto wa friji. Friji mnazo majumbani kwenu, mnazifungua kila siku, hazijawahi kumzalia mtu hata limau! Na wale mliosema mdogo wangu alichambua watoto kama mchele, nisikilizeni vizuri, hakuchagua rangi, hakuchagua jinsia, hakuchagua sura, alitafuta mmoja tu atakayeishi, kwa sababu mzazi aliyepoteza watano ana haki ya kutamani mtoto atakayemzika yeye. Leo anamzika.

Mimi pia nilipima, mwaka 2018, na ninao mchanganyiko ule ule, mtu asihangaike kunong'ona, nimejitangaza mwenyewe na sijaanguka. Wanangu wawili mnawajua, na mimba mbili zilizotoka katikati mliniambia ni kwa sababu ya viatu virefu.

Marehemu alianza kuumwa mwezi Oktoba 2024, akigundulika kuwa na saratani ya kongosho, alitibiwa, akapata nafuu ya muda, kisha hali ikabadilika, na tarehe 6 Juni 2025, saa tisa alasiri, akafariki dunia mikononi mwa mke wake. Narudia, saratani ya kongosho. Wanaopita huku nyuma wakisema amelipizwa kwa kuingilia kazi ya Mungu, waje wanieleze Mungu aliwatuma lini.

Siku nne kabla hajafariki alimwita kitindamimba wetu, huyu hapa miongoni mwa wabeba jeneza, akamsihi akapime, kwa kuwa mke wa huyu kitindamimba mwaka huu amepoteza mimba yake ya tatu. Kitindamimba akajibu, "Mimi ni mzima, kaka." Marehemu akamwambia, "Mimi pia nilikuwa mzima." Alikuwa hawezi kushika kikombe, na nguvu iliyobaki aliitumia kwa hilo, na bado jana, maiti haijatoka ndani, kikao kimeamua kwamba msiba ukiisha mke huyo wa kitindamimba arudishwe kwao. Binti mwenyewe yuko nyuma hapo, tangu juzi ndiye anayewamiminia chai. Mmeinywa. Baba mdogo, mke wako wa kwanza uliyemwacha kwa kutozaa namfahamu, ana watoto wanne na wajukuu, na wewe hukupimwa, kwa hiyo hatujui, lakini aliyepata aibu tunamjua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu katika ugonjwa wake, inamshukuru kipekee yule daktari aliyeuliza swali moja ambalo wenzake hawakuliuliza kwa miaka saba, na hao wenzake siwashukuru. Tunawashukuru majirani kwa viti, kuni na usingizi waliojinyima kwa ajili yetu, na tunawashukuru wafanyakazi wa kiwanda cha uchapaji waliochangia damu na kusukuma kiti chake cha magurudumu, wengine wakimtembelea zaidi kuliko ndugu zake. Wifi yangu, wewe hukushukuriwa siku yoyote katika nyumba hii, kwa hiyo nakushukuru leo mbele ya wote, na kwa niaba ya ukoo nakuomba radhi, hata kama ukoo haujanituma.

Yule mke wa kitindamimba haendi popote, na anayetaka kumfungia mabegi aanze na yangu. Na wewe kitindamimba, Jumatatu saa mbili asubuhi nitakupitia mlangoni, vaa shati la mikono mifupi.

Gundi, mdogo wangu, nimeisoma yote. Pumzika kwa amani.