Fundi Puliza, Aliyefungua Kompyuta za Watu Akaficha Mguu Wake

Ndugu, majirani, wateja wa marehemu na nyote mliofika. Mimi ni dada yake mkubwa, yule dobi wa karibu na kituo cha mafuta. Kamati ya mazishi iliniletea wasifu ulioandikwa tayari, wenye maneno "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Nilipoyasoma nilisikia kichefuchefu. Ndugu yetu hakuugua kwa muda mfupi. Aliugua tangu Novemba, ndani ya kiatu, huku akijipulizia marashi. Na ugonjwa huo huo anao mtu mwingine wa familia hii, ambaye amekaa hapa leo akijifanya mzima. Ndiyo maana nimeandika wasifu wangu, na ndio uliochapwa kwenye kijitabu mlichoshika. Asiyeupenda ajipepee nacho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1973 katika zahanati ya nyuma ya soko. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa marehemu baba yetu, karani wa ghala, na mama yetu, ambaye yuko nasi hapa mbele. Tangu utotoni alikuwa na kinyaa kupita kiasi. Maziwa yakifanya utando, hanywi. Kijiko kikipita mdomoni mwa mtu mwingine, hakitaki tena hata kioshwe mara ngapi. Mimi niliyembeba mgongoni nilikuwa nikilamba kijiko chake makusudi ili uji wake uwe wangu, na nilinenepa kweli.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, akamaliza sekondari mwaka 1991, kisha akaingia chuo cha ufundi kusomea umeme na baadaye matengenezo ya kompyuta. Alihitimu mwaka 1996. Vyoo vya bweni vilimshinda, akawa anavisafisha mwenyewe kila asubuhi kabla hajaingia. Wenzake walimpa jina la Bwana Afya, wakafurahi sana, wakaacha kabisa kushika ufagio. Alipomwambia mama kwamba ameamua kuwa fundi wa kufungua kompyuta za madukani, mama alishika kiuno.

"Wewe? Wewe uliyekataa maziwa ya mama yako, leo uende kuchokonoa mende?"

"Mama, mtu asiyeona kinyaa atasafisha nini?" akamjibu.

Ajira yake ya kwanza ilikuwa katika kampuni kubwa iliyohudumia mashine za maofisi. Huko kazi ilikuwa kufuta kompyuta kwa nje kwa kitambaa chenye manukato, kubandika karatasi iliyoandikwa "Imehudumiwa", na kwenda zako. Siku moja alifungua mashine iliyokuwa na karatasi hiyo akakuta panya aliyekauka amelala juu ya feni kama yuko likizo. Alimbeba juu ya ile karatasi hadi mezani kwa meneja. Meneja hakumwangalia panya. Alimwangalia yeye, akamuuliza, "Nani alikwambia ufungue?" Ndugu yetu aliacha kazi mwezi huo huo, na mpaka anakufa alikuwa hawezi kupita mbele ya jengo lile bila kutema mate.

Mwaka 2001 alianza kazi yake mwenyewe, iliyompa jina mnalomjua nalo. Aliwahudumia wenye biashara ndogo, wale wenye kompyuta moja au mbili zinazobeba riziki yote ya nyumba. Alikuwa na misimu miwili. Kabla ya upepo wa vumbi wa kiangazi alipita duka kwa duka na mashine yake ya kupuliza, brashi na chupa ya spiriti, akafungua makasha na kutoa vilivyomo. Kabla ya masika alirudi kukagua soketi na waya wa ardhini, kuweka vizuia radi, na kuchukua nakala za kazi za watu ili zikae mbali na duka, maana duka likiungua, nakala iliyo ndani nayo inaungua. Misimu yote miwili aliweka sawa programu za kuzuia virusi. Wenye kuona ni usumbufu aliwaacha waendelee na usumbufu wao, nao walimtafuta wenyewe mvua ya kwanza ilipopiga.

Alikuwa na sharti moja. Hakugusa skrubu yoyote kabla mwenye mashine hajainama akaangalia ndani kwa macho yake. Wengi hapa mnajua nasema nini, na wengine naona mmeshaanza kuangalia chini. Saluni ile ya kona ilikuwa na nywele za watu zilizoshikana na mafuta zikawa mkeka, na mkeka ukaota ukungu. Duka la dawa, mahali pa kuuza dawa jamani, lilikuwa na mende ukoo mzima, na mayai yao yamepangwa kwenye nyaya. Mwenye duka la mikate alijaribu kukwepa.

"Fundi, wewe safisha tu. Mimi nakuamini."

"Sitaki kuaminiwa. Njoo uone."

"Nimetoka kula sasa hivi."

"Ndiyo saa yake."

Aliinama. Unga uliochacha ulikuwa umejaa hadi kwenye feni, na ndani ya unga mlikuwa na vitu vinavyotembea. Mchana huo duka lilifungwa, likasuguliwa hadi dari, na tangu siku hiyo yule bwana ndiye aliyekuwa anampigia simu fundi kabla msimu haujafika. Ndugu yetu alisema kuwa mtu akishaona kinyaa na kitu chake mwenyewe, nusu ya kinga imekamilika.

Uchafu usioonekana ulimchukiza zaidi. Wakili mmoja, ambaye simtaji na namwona amevaa tai ya kijani, alikuwa na flashi moja aliyoipitisha kwa wateja wake wote, na neno lake la siri alikuwa amelibandika juu ya kioo cha kompyuta.

"Hii leo imeingia kwenye mashine ngapi?" marehemu akamuuliza.

"Sikumbuki, fundi. Nyingi."

"Na mswaki wako huwa unaazima watu wangapi?"

Wakili akacheka, akanyoosha mkono waagane. Marehemu akaurudisha wake mfukoni.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 2003 na mshona nguo mwenye chumba karibu na ghala la mbao, aliyekuwa akihifadhi vipimo vya wateja wake kwenye kompyuta ya mtumba. Siku fundi alipoifungua mara ya kwanza, walikuta mjusi aliyekauka kati ya nyaya. Fundi alianza kutafuta koleo lake. Yule binti akamwambia, "Hebu sogea huko," akamshika mjusi mkia kwa vidole viwili, akamtupa dirishani, akarudi kwenye cherehani yake. Ndugu yetu alikuja kwangu akiwa na jasho. "Dada," akasema, "nimepata mke." Nilimuuliza kama ni mzuri wa sura. Akasema hakuangalia sura. Walijaliwa binti na mwana, na walipendana kwa kelele nyingi hadi mwisho.

Sasa nafika pale kamati iliponiomba nipite haraka. Sipiti haraka.

Baba yetu alikufa kwa kisukari. Mwaka 2016 marehemu aliambiwa anacho, na mwaka huo huo mdogo wetu wa mwisho, dereva wa lori, akaambiwa anacho pia. Novemba iliyopita, akiwa kwenye mzunguko wake wa kabla ya kiangazi, marehemu alikanyaga skrubu sakafuni mwa duka la mteja. Ikapenya soli. Sukari ilikuwa imeshaua hisia za miguu yake, hivyo hakusikia kitu, akaendelea kutembea nayo duka baada ya duka. Aliijua siku soksi ilipokataa kutoka.

Akakificha kidonda. Mtu aliyewainamisha watu wa mtaa mzima waone mende wao, aliufunga mguu wake kwa kitambaa akauvalisha kiatu. Alihamia chumba cha watoto akisingizia kwamba anakoroma. Nguo zake zote nilikuwa nafua mimi tangu tukiwa kwa mama. Ghafla mashati yakawa yanakuja, suruali zinakuja, soksi hazimo.

"Soksi ziko wapi?" nikamuuliza.

"Nanunua za kutupa siku hizi. Maendeleo, dada."

"Vua viatu nione."

"Mbele ya wateja wako? Acha hizo."

Mkewe alimuuliza harufu ile ni ya nini, akajibiwa fangasi. Alimpikia maji ya chumvi, akambembeleza, akamfungia mlango, akaleta daktari nyumbani. Fundi alitorokea dirishani. Mtu mzima, mwenye mvi, anaruka dirisha ili asionwe mguu! Nilichukizwa wakati ule na nimechukizwa mpaka leo, na sitajifanya kuwa kifo kimenituliza.

Alianguka tarehe 6 Februari 2025 katika duka lile lile la dawa, bisibisi mkononi. Mwenye duka ndiye aliyeikata soksi. Aliniambia kuwa alilazimika kutoka nje kwanza, akatapika, kisha akarudi. Hospitali walimkata mguu chini ya goti, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Nilikaa naye. Nilikuwa na maneno makali niliyoyapanga njia nzima, na nikayasema yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilijionea kinyaa, dada," akasema. "Vya watu naviweza. Changu nilishindwa kukiangalia."

Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari, asubuhi, mkewe akiwa amemshika mguu uliobaki.

Fundi Puliza ameacha mama, mjane, binti aliye chuoni na mwana aliye sekondari, dada mmoja, ambaye ndiye mimi, wateja wengi, ambao msimu wao umefika na watafute fundi, na mdogo mmoja wa kiume.

Huyo mdogo nina neno naye, nalo halimo kwenye kijitabu. Wewe dereva, kitinda mimba wetu, uliyekaa chini ya turubai na mguu wa kushoto umeuingiza chini ya kiti. Jana tulipokuwa tunaleta mwili uliuachia ubavu wa jeneza ukasema umebanwa na simu. Simu yako nilikuwa nimeishika mimi. Najua unaogopa kwamba mwenye lori akisikia atakushusha kwenye usukani. Nimekwenda kwake. Amesema lori litakusubiri. Na hayo marashi yako nimeyasikia tangu jikoni, hayasaidii, yananitia kichefuchefu tu. Nilitaka kukuita chumbani tuongee kwa heshima. Mama ndiye aliyenikataza. Alisema jana usiku, "Msomee mbele za watu. Huyo ukimwita chumbani atakukimbia. Mimi nimezika mume, kesho nazika mwana, na nguvu za kuzika mwingine sina."

Bibi mwenye gauni la bluu aliyekaa kulia kwako si ndugu wa shemeji, ingawa nilikwambia hivyo. Ni muuguzi wa vidonda. Nimemleta mimi, na gari linasubiri getini. Hakuna atakayeimba wala kushusha jeneza hili mpaka umalizane naye, na sisi wote tuna muda.

Huyu aliyelala apumzike kwa amani. Wewe vua kiatu.