Kaboni Halisi, Kaboni Nakala

Benchi lililo nje ya kibanda cha Mutie, fundi wa baisikeli wa Buruburu fezi ya tatu, lilitupwa na kanisa baada ya mguu mmoja kulegea, na tangu siku hiyo limesikia uongo mwingi kuliko lilivyowahi kusikia toba. Kila Jumamosi asubuhi hukaliwa na watu walewale. Upande wa ukutani ni Mwangangi, karani mstaafu anayeitwa Tripliketi, maana kwa miaka thelathini na mmoja alijaza kila fomu ya serikali mara tatu. Katikati ni Kimanzi, mchonga vinyago, ambaye kijiweni ni Kiwi. Mwishoni, pembeni ya birika lake la kahawa chungu yenye tangawizi, ni Aden, aliyeuza mchele kwa jumla hadi magoti yalipomkataza kubeba magunia. Jumamosi hii palikuwa pia na Kavata, mwanafunzi wa chuo kikuu, nahodha wa timu ya mdahalo. Yeye alisimama. Alikuwa na hasira, na hasira yake haijui kukaa.

Mbele yao baisikeli mbili za mbio zilikuwa zimeegemea ukuta, zote za fremu ya kaboni. Moja Kavata ameiendesha misimu minne, na ilitoka kiwandani yeye akiwa darasa la tatu. Nyingine ilifika jana, plastiki bado imeviringwa kwenye usukani. Perez, kocha wa timu yao ya wanawake, alikuwa ameiacha hapo na maneno machache: chagua utakayokimbilia kesho barabara ya Kangundo, na inayobaki Batulo, yule msichana mgeni wa timu, ataichukua saa nne. Sasa ilikuwa saa tatu na robo. Mutie ameshika spana, anangoja kuambiwa kiti na pedali za Kavata azifunge kwenye ipi.

Kavata alikuwa ameshachagua mpya. Alichokosea ni kusema hivyo mbele ya benchi.

— Hiyo mpya ni ya madini gani? aliuliza Mwangangi.

— Si madini, Mzee. Ni kaboni.

— Na ya zamani?

— Pia ni kaboni.

Mwangangi akafumba macho kama mtu aliyeona sahihi ya bosi mahali pasipo pake. Akaeleza taratibu, kwa sauti ya kaunta. Ofisini kwao ukitaka nakala uliweka karatasi ya kaboni katikati. Ya juu, halisi, ilikwenda kwa bosi. Ya pili ilikwenda kwenye faili. Ya tatu walipewa wananchi, kwa sababu haikusomeka. Basi kama zote mbili ni kaboni, hakuna iliyo halisi hapo, ila ya zamani angalau ni nakala ya kwanza.

Kavata alimjibu kwa pointi. Hii si karatasi. Ni nyuzi, nyembamba kuliko nywele, zinafumwa kama kitambaa, zinaloweshwa gundi, zinalazwa kwenye kalibu na kuokwa. Mpya imelazwa kwa hesabu bora, mabomba yake yamebanwa yakate upepo, breki zake ni za diski, na inameza tairi pana linalosamehe mashimo. Alimaliza bila kuvuta pumzi. Mwangangi alisikiliza yote, tena kwa adabu.

— Na waya za breki ziko wapi? Kwa ile nyingine naziona.

— Zimepita ndani ya fremu, Mzee. Zimefichwa.

— Hazijafichwa. Nakala ya tatu hufifia. Mwaka huu zimepotea waya, mwaka kesho utaletewa isiyo na magurudumu.

Kavata amewahi kuangusha timu za vyuo vitatu kwa wikendi moja. Hajawahi kukutana na hoja iliyokosea kila mahali na bado ikasimama.

Kimanzi naye akainuka, akagonga fremu zote mbili kwa pingili ya kidole, sikio limeinama. Ya zamani, alisema, inaitika kama ngoma. Mpya inaitika kama mtu aliyebishiwa hodi akiwa chooni. Zaidi ya hayo, weusi wake haumwingii akilini.

— Mwaitu, mama yangu, nikwambie siri ya kazi yetu. Mimi nimechukua mjakaranda, nikaupaka kiwi ya viatu, nikamuuzia mzungu kama mpingo. Alifurahi sana. Sasa ngoja nikwangue kidogo hapa tuone.

Kavata alimdaka kifundo cha mkono ukucha ukiwa umebakisha unywele mmoja kufika kwenye rangi.

Ndipo Aden alipoweka birika chini. Aliinua ya zamani kwa mkono, akaiinua mpya kwa kidole kimoja, akaguna.

— Gunia likiwa jepesi, kuna mtu amelichota.

— Huu si mchele, Aden.

— Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Mchele mwepesi haupeperushwi na lori.

Kutoka hapo hakukuwa na breki, za diski wala za mpira. Aden alimchora Kavata yuko Ruai, lori la mchanga linampita, upepo wake unamnyanyua na baisikeli yake, anaokotwa Athi River, na Athi River hata si njia hiyo. Kimanzi akasema ataokotwa mweupe, kiwi imemtoka. Mwangangi akahofia kwamba aliyefifia kiasi hicho hataandikwa hata kwenye matokeo. Walicheka mpaka benchi likalia. Mutie alijaribu kutaja kwamba waya wa mpya ukikatika itabidi afungue kichwa chote cha baisikeli, lakini fundi anayejua jambo hana nafasi kijiweni.

Damu ya Kavata ilichemka. Wazee watatu ambao hata wakijumlishwa hawajamaliza siku moja juu ya baisikeli ndio wa kumfundisha? Akaamua kushinda, basi. Akaiacha mpya, akaigeukia ya zamani, akaichambua kama mpinzani wa fainali, rangi iliyobanduka, tairi jembamba, mtetemo unaofika kwenye meno.

— Ikinyesha, breki zake huomba ruhusa kwanza, akasema. Hilo ni jeneza lenye pedali. Hata adui yangu singempa.

— Niaje, dada Kavata.

Batulo alikuwa nyuma yake. Amewahi. Helmeti imekaa juu ya hijabu, viatu vya mbio mkononi, kiti na pedali zake kwenye begi mgongoni, uso umeng'aa kama wa siku ya Idi. Aliziangalia baisikeli zote mbili.

— Lile jeneza ndilo langu?

Aden alikumbuka kusuuza vikombe. Mwangangi na Kimanzi waliona kitu cha maana sana ndani ya vyao.

Kavata aliona aibu ikimpanda kutoka shingoni. Lakini kwenye mdahalo hupewi upande unaoupenda, unapewa upande, basi. Akageuka. Alimwambia Batulo hiyo fremu inakwenda moja kwa moja hata ukiachia mikono kunywa maji. Waya ukikatika, Mutie anaubadilisha kwa dakika kumi ukingoja hapohapo. Ilimfikisha Tala akiwa na homa na ikamrudisha. Mlimani haisubiri kubembelezwa. Alianza akitafuta maneno, na katikati akagundua hayatafuti tena. Mkono wake ulikuwa umeshalala juu ya bomba la juu, pale rangi ilipobanduka kwa goti lake mwenyewe.

Batulo alimsikiliza hadi mwisho.

— Kama ni nzuri hivyo, mbona unaiacha?

Benchi zima likamtazama Kavata. Yeye aliitazama rangi iliyobanduka chini ya kiganja chake. Mwangangi alikunywa kikombe kisicho na kahawa.

— Kwa sababu wananicheka, akasema polepole. Kwa mstari wa kuanzia. Hao wenye waya za ndani. Mwezi uliopita mmoja aliniuliza kama hizi zangu ni za kuanikia nguo.

Batulo alifikiri.

— Na mkishaanza kukimbia, huwa wako wapi?

Kavata akahesabu.

— Nyuma, akasema. Wengi wao.

— Basi nipe hiyo ya kuchekwa.

Mutie hakungoja amri nyingine. Alitoa kiti na pedali za Kavata, akafunga za Batulo, akamshushia kiti kidogo. Msichana akavaa viatu, akasema shukrani kwa wazee mmoja mmoja kama alivyolelewa, akapanda. Alipita maduka, akapita lango la shule, akafika kona bila kugusa breki, mgongo umelala kana kwamba fremu ile ilimngoja yeye tangu darasa la tatu.

Kimanzi alipiga mluzi. Aden aliinamisha birika, likatoa tone moja.

Kavata aling'oa plastiki kwenye usukani wa baisikeli mpya, akaitupa chini ya benchi.

— Mutie, funga haraka, akasema. Yule ananiacha.